Aegina kwa siku moja kutoka Athens: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Aegina ni kisiwa cha Ghuba ya Saronic nchini Ugiriki, takriban maili 17 za baharini kutoka bandari ya Piraeus. Kina ukubwa wa kilomita za mraba 87 hivi na wakazi wapatao 13,000. Majibu haya ni ya mtu aliyefikia Athens, anayetaka kuondoka asubuhi, kuona kisiwa na kurudi kulala mjini. Kuna jambo tutakalolirudia hadi likukae: chagua kwanza meli ya kurudi, kisha upange siku ukirudi nyuma hadi asubuhi. Wanaofanya kinyume ndio wanaokimbia gatini jioni viatu mkononi.

Kwa nini Aegina, na si Santorini au Mykonos tunazoziona kwenye picha?

Kwa sababu ya muda. Meli ya kawaida kutoka Piraeus hadi Santorini huchukua saa saba hadi nane, na boti ya kasi saa nne hadi tano. Ukienda na kurudi siku moja utakuwa umeona bahari na kantini ya meli tu. Aegina ni saa moja na robo kwa feri ya kawaida, dakika 40 kwa boti ya kasi, na meli ni nyingi kutwa, kwa hiyo ukikosa moja siku haijaharibika.

Hydra nayo inapendeza, haina magari na mizigo hubebwa na nyumbu na punda. Lakini hufikiwa kwa boti za kasi tu, safari ni saa moja na nusu hadi mbili, na nauli inazidi ya Aegina kwa mbali. Kama una siku moja na mfuko wa kawaida, nenda Aegina.

Vipi ile safari ya visiwa vitatu kwa siku moja inayouzwa hotelini?

Ni ya Hydra, Poros na Aegina, chakula cha mchana kikiwa ndani ya meli. Haina udanganyifu, ila fanya hesabu: sehemu kubwa ya siku utakuwa melini, na kila kisiwa utapewa saa moja hadi mbili. Aegina muda huo hautoshi kufika hekalu la kale la mungu wa kike Aphaia na kurudi kwa utulivu mpaka ununue ziara ya basi juu yake. Inamfaa asiyetaka kupanga lolote mwenyewe. Anayetaka kukijua kisiwa aende na feri ya wenyeji.

Nina viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Kwenda kisiwani kutaimaliza?

Hapana. Piraeus hadi Aegina ni safari ya ndani ya Ugiriki, hakuna uhamiaji wala forodha. Beba pasipoti yenyewe, maana tiketi hutolewa kwa jina na unaweza kuombwa kitambulisho.

Hatari iko kwingine. Visiwa vya mashariki kama Kos, Rhodes, Samos na Chios viko karibu sana na Uturuki, na vina boti za siku moja za kuvuka kwenda huko. Ukipanda moja umetoka Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja hataruhusiwa kurudi, hata kama begi lake liko hotelini ng'ambo ya pili. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wahakikishe viza imeandikwa MULT, yaani ya kuingia mara nyingi, kabla hawajanunua tiketi ya namna hiyo. Ile ruhusa fupi inayotolewa kwa Waturuki wanaofika visiwa hivyo kutoka kwao haiwahusu.

Nitafikaje gati sahihi?

Bandari ya Piraeus ni kubwa na milango yake imepewa namba, E1 hadi E12. Meli za Aegina hutumia E8, na mara chache E9. Soma tiketi yako, na usiku wa kuamkia safari angalia tena kama mlango haujabadilishwa.

Kutoka katikati ya Athens una treni mbili. Njia ya kijani (namba 1) kutoka Monastiraki huchukua dakika 25 hivi. Njia ya bluu (namba 3) kutoka Syntagma huchukua chini ya dakika 20, nayo ilifikishwa Piraeus mwezi Oktoba 2022, kwa hiyo vitabu vya zamani vya wasafiri haviitaji. Tiketi ya kawaida ni yuro 1.20 na inatumika dakika 90. Ukitoka kituo cha Piraeus ukaikabili bahari, geukia kushoto na ufuate gati: utapita E7, kisha E8. Ni dakika kumi kwa miguu ya kawaida. Wengi hufuata watu wenye mabegi makubwa wanaoelekea kulia; hao wanakwenda visiwa vya mbali kwa meli kubwa, na ukizinduka uko kwenye E2 dakika zako zimekwisha.

Njia ya bluu inatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Piraeus, takriban saa nzima, kwa tiketi maalumu ya yuro 9. Treni za uwanja wa ndege hupishana kwa zaidi ya nusu saa, hivyo ukiikosa moja ongeza hizo dakika kwenye hesabu. Basi X96 linafanya kazi usiku na mchana. Na kwenye treni zote mbili shika mkoba mbele ya kifua: wachomoaji hupenda mabehewa yaliyojaa watu wenye mizigo, hasa milango inapofunguka.

Feri ya kawaida au boti ya kasi?

Feri ya kawaida hubeba magari na watu, ina sitaha ya wazi, kantini na vyoo. Boti ya kasi huinuka juu ya mabawa yaliyo chini ya maji ikipata mwendo. Wagiriki huiita kwa jina lenye maana ya pomboo arukaye. Ndani yake unakaa kwenye kiti ulichopangiwa, madirisha yamefungwa, kuna mtikisiko na kelele za injini, na huoni sana nje kwa sababu ya povu.

Tunashauri kwenda na feri. Unapokaa sitahani unaiona Piraeus ikisinyaa nyuma, meli za mizigo zikiwa zimetia nanga zikingoja zamu, kisha Aegina ikijitokeza mbele na kilele chake cha Oros upande wa kusini. Nauli ya feri ni kati ya yuro 10 na 15 kwa upande mmoja, ya boti ya kasi huelekea yuro 20. Boti ya kasi ifikirie kwa kurudi, mwili ukiwa umechoka. Lakini kumbuka ndiyo inayositishwa mwanzo upepo ukizidi, na kwa kawaida ya mwisho huondoka mapema kuliko feri ya mwisho.

Tiketi ninunue mapema?

Siku ya kazi mwezi Mei au Oktoba unaweza kununua kwenye kibanda kando ya gati nusu saa kabla. Jumamosi na Jumapili za kiangazi, Pasaka ya Kiorthodoksi, na siku zinazozunguka 15 Agosti (sikukuu ya Bikira Maria, Waathens wanapohama mji) nunua siku kadhaa kabla kwa mtandao, kwenda na kurudi.

Kosa la kawaida ni hili. Kampuni kadhaa huhudumia Aegina, na tiketi ya moja haitumiki kwenye meli ya nyingine. Mtu hununua kurudi kwa kampuni fulani ya saa kumi na mbili jioni, saa kumi na moja anaona meli nyingine imefunga gatini, anakimbilia kupanda, anarudishwa. Wala haifai kulalamika kwa baharia wa mlangoni, yeye anafuata orodha. Kama hujui utachoka saa ngapi, nunua ya kwenda tu, na ukishuka Aegina nenda kwanza vibandani ukutane na ratiba halisi ya siku hiyo.

Lingine: Aegina ina bandari zaidi ya moja. Kubwa ni ile ya mji wenyewe, upande wa magharibi. Meli nyingine hutia Souvala kaskazini, na kiangazi Agia Marina mashariki. Hakikisha tiketi ya kurudi imetaja bandari utakayokuwepo, kwa sababu kutoka pwani moja hadi nyingine ni nusu saa ya basi.

Saa za ratiba nizisome vipi?

Ratiba zote ni za saa 24 zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane. 08:00 ni saa mbili kamili asubuhi, 14:30 ni saa nane na nusu mchana, 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Anayefikiri kwa saa za Kiswahili huteleza hasa kwenye 08:00: mtu anaona nane, kichwa kinasema saa nane mchana. Andika saa zako zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, kwa namna unayozungumza nyumbani, uweke karatasi mfukoni.

Kiangazi saa ya Ugiriki inalingana na ya Nairobi na Dar es Salaam. Kipupwe wao wako nyuma kwa saa moja, na simu itajirekebisha yenyewe.

Kupanda meli kunakuwaje?

Haraka. Feri inaingia ikirudi kinyumenyume, minyororo inalia, mlango mkubwa wa nyuma unalazwa juu ya gati kama daraja. Wanaoshuka wanatoka pamoja na malori na pikipiki. Mara tu wakimalizika mnaingia nyinyi, na magari yanaingia kando yenu. Simama upande ambao baharia anauonyesha, usipite katikati ya magari, na usisimame kupiga picha kwenye ule mlango, kwani chuma chake huwa kimelowa na kuteleza. Ngazi za kupanda juu ziko kwenye kuta za pembeni za ghala la magari.

Fika gatini dakika 30 kabla, au 45 wikiendi. Meli huondoka kwa dakika iliyoandikwa, na mlango huanza kuinuliwa kabla ya hapo.

Meli nyingi haziishii Aegina. Zinaendelea Agistri, Methana au Poros. Sikiliza tangazo, hutolewa kwa Kigiriki na Kiingereza, na utazame kibao cha ΑΙΓΙΝΑ. Dalili isiyokosewa ni kanisa dogo jeupe la Mtakatifu Nikolaos kwenye ncha ya gati, mlangoni mwa bandari. Ukiliona, shuka ngazi uende karibu na mlango, kwa maana meli husimama hapo dakika chache tu.

Bahari ikichafuka au kukiwa na mgomo?

Julai na Agosti huvuma meltemi, upepo mkavu wa kaskazini chini ya anga safi kabisa. Anayetoka pwani yetu amezoea kuona wingu kabla ya dhoruba. Hapa jua linawaka na meli zimezuiwa. Mamlaka ya bandari ndiyo hutoa zuio, kwa kawaida upepo ukifika kipimo cha 8 cha Beaufort, na boti za kasi husitishwa kabla ya hapo. Ghuba ya Saronic imekingwa kiasi, kwa hiyo Aegina hukatika mara chache kuliko visiwa vya Aegean ya kati. Hata hivyo usiiweke safari hii siku moja kabla ya ndege yako ya kurudi nyumbani.

Migomo ya mabaharia hutangazwa siku chache kabla. Tarehe 1 Mei ihesabu kuwa siku isiyo na meli.

Meli ikifutwa, au ikijulikana itachelewa kuondoka kwa zaidi ya dakika 90, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177/2010 inakupa uchaguzi: upelekwe kwa meli nyingine mapema iwezekanavyo, au urudishiwe nauli ndani ya siku saba. Fidia ya kuchelewa ni kitu kingine. Kwa safari isiyozidi saa nne ni robo ya nauli ukifika umechelewa saa moja au zaidi, na nusu ukizidi saa mbili. Lakini hailipwi chanzo kikiwa hali ya hewa, na kampuni zinaruhusiwa kutolipa fidia iliyo chini ya kiwango fulani, ambacho hakiwezi kuzidi yuro 6. Robo ya nauli ya Aegina haifiki hapo. Dai kurudishiwa nauli, hiyo ndiyo haki yenye maana kwako.

Nina tatizo la kichefuchefu baharini.

Panda feri ya kawaida, kaa katikati ya meli sehemu ya chini au nje nyuma unapouona upeo wa macho. Usikae mbele. Kunywa kidonge nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kuumwa, kwa kuwa tumbo likishachafuka hakifanyi kazi. Kula mkate mkavu kidogo. Tumbo tupu ni baya kama tumbo lililoshiba. Na usisome simu.

Nikishuka, nifanye nini kwanza?

Mambo mawili kabla ya kahawa. La kwanza, piga picha ratiba ya meli za kurudi kwenye kibanda cha tiketi. La pili, vuka barabara ukaelekee kituo cha mabasi ya KTEL, mita chache kutoka gatini upande wa kushoto, ukapige picha ratiba ya mabasi pia. Basi la Agia Marina, ambalo ndilo la hekaluni, hupita karibu kila saa kiangazi, lakini kipupwe ni machache mno na pengo linaweza kula nusu ya siku yako. Tiketi hukatwa dirishani, ni yuro mbili na kitu. Kata ya kwenda na kurudi, uwe na sarafu.

Kwa mfano: feri ya 08:00, umefika 09:15, basi la saa nne asubuhi, hekaluni hadi saa tano na nusu, Agia Marina kuogelea, basi la kurudi mjini saa nane, chakula, matembezi ya Kolona (kilima cha magofu ya kale kando ya mji), feri ya 18:00. Nyuma yake pawepo meli nyingine moja angalau. Hii ndiyo kanuni yetu: usipange kurudi na meli ya mwisho, panga na inayoitangulia.

Hekalu la Aphaia linastahili safari?

Ndiyo, na ni sababu tosha ya kuja. Liko kilomita 12 mashariki mwa mji, juu ya kilima chenye misonobari, na lilijengwa karibu mwaka 500 kabla ya Kristo kwa mawe ya chokaa ya kisiwani. Mpango wake ni nguzo 6 mbele na 12 ubavuni, na nyingi bado zimesimama, zikiwemo zile za ndani zilizopangwa ghorofa mbili, moja juu ya nyingine.

Litazame polepole upande wa kaskazini. Karibu nguzo zote za nje ni jiwe moja kutoka chini hadi juu, lakini tatu upande huo zimepangwa kwa vipande vya mviringo. Inaaminiwa mafundi waliacha pengo hapo ili waingize mawe makubwa ya ndani, kisha wakaliziba mwishoni kwa nguzo ambazo zingeweza kuinuliwa kipande kwa kipande. Ukisimama pale unamwona fundi akipiga hesabu zake, miaka 2,500 imepita.

Sanamu za mapaa yake hazipo. Zilichimbuliwa mwaka 1811, zikanunuliwa na mwanamfalme Ludwig wa Bavaria, Ujerumani, na hadi leo ziko Munich. Usipoteze muda kuzitafuta.

Beba maji na kofia: eneo la hekalu lenyewe halina kivuli, ingawa nje ya lango kuna mkahawa. Kipupwe linafungwa mapema, hivyo angalia saa za kufunga kabla ya kupanda basi. Ukitaka kushuka Agia Marina kwa miguu ni mteremko wa nusu saa na zaidi kidogo. Kupanda kwa jua la mchana hatukushauri.

Na monasteri ya Mtakatifu Nektarios?

Iko kilomita 6 kutoka mjini, kwenye njia hiyohiyo ya basi. Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania wengi wanamjua, na kwa haki: kabla ya kuja Aegina alikuwa askofu wa Pentapolis chini ya Upatriarki wa Alexandria, ambao ndio mama wa kanisa lao. Alizaliwa 1846, akafariki 1920, akatangazwa mtakatifu 1961. Kaburi na masalia yake yako kwenye monasteri ya masista aliyoianzisha mwenyewe.

Funika mabega na magoti, wanaume wasivae kaptula. Kanga au mtandio kwenye begi unatatua tatizo lote. Sikukuu yake ni 9 Novemba. Siku hiyo na iliyotangulia meli hufurika mahujaji, kwa hiyo mahujaji wanunue tiketi mapema na watalii wachague siku nyingine.

Kuogelea kukoje? Niangalie maji kujaa na kupwa?

Huna haja. Ghuba hii haina kujaa na kupwa kwa kuonekana. Tofauti ni sentimita chache tu. Aliyezoea bahari ya Mombasa au Unguja, inayopwa hadi mashua zinalala mchangani, hushangaa kuona ufuko uleule asubuhi na jioni.

Maji ni ya baridi kuliko yetu. Agosti hufika nyuzi 26 hivi. Mei ni 19 au 20, na mtu wa pwani ataona yamemshika kifua. Agia Marina kuna mchanga na kina kifupi, panafaa watoto. Karibu na mji kuna ufuko mdogo chini ya Kolona, dakika kumi kutoka gatini, na ndio unaofaa kwa saa ya mwisho kabla ya meli. Kwenye miamba vaa viatu vya maji, kwa sababu wapo viumbe wa duara wenye miba mieusi, na mwiba wake ukivunjikia kwenye unyayo siku imeisha. Palipo na giza-giza chini ya maji penye mawe, usikanyage.

Nile nini, na wapi?

Nenda nyuma ya soko dogo la samaki, barabara ya ndani sambamba na bandari. Pweza huanikwa juani kwenye kamba mbele ya mikahawa, mikono ikining'inia, kisha huchomwa kwenye makaa na kutiwa mafuta ya zeituni na siki. Gavros ni wa jamii ya dagaa, wakubwa kidogo, hukaangwa na kuliwa pamoja na kichwa. Ni rahisi na hushibisha.

Samaki wakubwa huuzwa kwa kilo. Bei kwenye menyu ni ya kilo moja, na samaki mmoja aweza kuzidi hapo. Omba umchague, apimwe mbele yako, uambiwe bei kabla hajaenda jikoni. Hilo ni jambo la kawaida kwao, hakuna atakayekasirika. Mkate unaoletwa bila kuagizwa kwa kawaida hulipiwa.

Kwa Waislamu: nyama ya gyros (ya kuchomwa ikizunguka motoni, kama shawarma) usipouliza mara nyingi huwa ya nguruwe, na kuku ni "kotopoulo". Pweza na baadhi ya michuzi hupikwa na mvinyo, kwa hiyo uliza. Salama zaidi ni samaki wa kuchoma, maharage makubwa ya tanuri yaitwayo gigantes, mboga za majani na pai ya mchicha na jibini. Na neno "ne" kwa Kigiriki ni ndiyo. Hapana ni "ohi". Hilo limewaletea wengi sahani wasiyoitaka.

Maji ya kunywa nunua ya chupa.

Pistachio za Aegina, zile njugu za ganda gumu, nizijue vipi?

Hapa penye utajiri panahitaji uangalifu. Kigiriki cha mtaani huita pistachio yoyote "fistiki Aeginis", hata iliyolimwa bara. (Wasomaji wa Muscat na Dubai watalitambua neno: ni ukoo mmoja na fustuq ya Kiarabu.) Kwa hiyo jina pekee si ushahidi. Tafuta herufi ΠΟΠ kwenye pakiti, ndiyo alama ya Ulaya ya zao lenye asili iliyolindwa, au nunua kwenye kibanda cha ushirika wa wakulima gatini.

Nzuri imepasuka ganda yenyewe mtini, haikufunguliwa kwa mashine, na ukiibana kwa kucha inafunguka bila ubishi. Mavuno ni mwisho wa Agosti na Septemba, hivyo za Oktoba ndizo mpya. Chagua zilizofungwa bila hewa ukitaka kuzipeleka nyumbani. Za wazi hunywa unyevunyevu wa bahari na baada ya wiki mbili zinalegea kama korosho iliyoachwa nje ya kopo. Zisizo na chumvi ni "analata".

Nikodi pikipiki?

Leseni yako lazima iwe na daraja la pikipiki, pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva kinachotolewa nchini mwako kabla ya safari, huko hakipatikani. Leseni ya gari haitoshi, na bima haitalipa ukianguka bila daraja sahihi. Wao huendesha upande wa kulia. Kwa siku moja basi linatosha, na kwa watu watatu au wanne teksi kutoka gatini hugawanyika vizuri.

Ninaweza kuongeza Agistri au Moni?

Agistri iko dakika 10 hadi 15 kwa boti kutoka mji wa Aegina, ina misonobari hadi ukingoni mwa maji. Moni ni kisiwa kidogo kisicho na wakazi, dakika 10 kutoka kijiji cha Perdika kusini, kina tausi na paa wanaotembea kati ya waogeleaji. Chagua hekalu au kisiwa cha pili. Vyote viwili kwa siku moja vinakufanya mtumwa wa ratiba nne tofauti.

Watoto wadogo, wazee, kiti cha magurudumu?

Feri ya kawaida, kila mara. Baadhi zina lifti na nyingine zina ngazi tu, kwa hiyo piga simu kwa kampuni siku mbili kabla na useme unachohitaji. Wanalazimika kukusaidia ukitoa taarifa mapema. Hekaluni ardhi ni ya mawe yasiyo sawa. Ukingo wa bandari ya mji ni tambarare na unatosha kwa siku nzuri.

Nitumie kiasi gani?

Kwa mtu mmoja: feri kwenda na kurudi yuro 25 hivi, treni 2.40, basi 5, chakula cha mchana 15 hadi 25, kiingilio cha hekalu, maji na kahawa. Weka yuro 80 na utarudi na chenji. Kadi zinapokelewa karibu kila mahali, ila basi na vibanda vidogo beba noti ndogo.

Na nikiachwa na meli ya mwisho?

Usikimbilie mtu wa boti ndogo anayejitolea kukuvusha usiku. Nenda kwanza vibanda vyote vya tiketi, si kimoja, kwa kuwa kila kampuni hujua meli zake tu, na kiangazi huongezwa safari Jumapili jioni kuwarudisha Waathens. Uliza pia kama kuna meli kutoka Souvala au Agia Marina, na upime kama teksi itaiwahi. Kama hakuna, tafuta chumba mapema kabla wenye nyumba hawajalala. Nje ya Agosti hupatikana nyuma ya bandari. Tiketi uliyoikosa kwa kuchelewa mwenyewe kwa kawaida imekufa, ila mwonyeshe wakala, baadhi huibadilisha kwa hisani. Meli ya kwanza ya asubuhi huondoka kabla jua halijapanda sana, na hubeba wafanyakazi wa Piraeus, kwa hiyo kata tiketi yake usiku huohuo.